Wadau wa Mbeya: tunamtafuta jirani aliyehama Ilemi, fundi redio wa Mwanjelwa. Tuanzie wapi?

#1 BintiIlemi
Habari za jioni wadau. Naomba msaada, hasa kwa waliokaa Mbeya kabla soko la Mwanjelwa halijaungua.

Hapa Ilemi tulipakana na familia moja. Baba alikuwa fundi redio, kibanda chake kilikuwa Mwanjelwa. Mtaa mzima ulimwita Baba Tumaini, na mkewe Mama Tumaini. Tumaini ni binti wa rika langu, tumecheza rede pamoja, na chini yake kulikuwa na wavulana wawili. Walipohama walimwambia mama yangu, "Dada, wewe lima tu hapo, sisi tutarudi." Hawajarudi mpaka leo. Nyumba yao ilikuwa ya tofali mbichi, mvua zimeimaliza. Umebaki msingi na mparachichi mmoja mkubwa. Mama analima mahindi na maharage, na kila mwaka anasafisha mpaka wao kama anavyosafisha wa kwetu.

Sasa urasimishaji umefika mtaani kwetu. Wapima wanataka mwenye kiwanja awepo, na majirani wa mipaka wakubali kabla bikoni (mawe ya mipaka) hazijawekwa. Ametokea kijana anasema marehemu baba yake aliuziwa kiwanja kile, ana na karatasi. Anamtaka mama asaini. Mama amekataa katakata. Anasema hawezi kusaini mali ya watu ambao hawapo kujisemea.

Shida ni kwamba majina yao kamili hatuyajui. Miaka yote ile ilikuwa Baba Tumaini, Mama Tumaini, basi. Hata mwenyekiti wa mtaa wa sasa hakuwakuta. Tunawapataje?

#2 Mzee wa Kabwe
Binti, pole na hongera kwa mama. Mafundi redio wa Mwanjelwa nawakumbuka, walikuwa wamejipanga upande mmoja, spika zinapiga kelele kutwa. Redio ikifika, fundi anaandika jina la mwenyewe kwenye kipande cha karatasi, anakibandika mgongoni kwa selotepu. Soko lilipoungua mwaka 2008 wengi walipoteza kila kitu na wakatawanyika. Mimi nasema moto ndio uliomhamisha.

#3 Msafwa Asilia
Mzee wa Kabwe, soko la Mwanjelwa liliungua 2006, mwishoni mwa mwaka. Baada ya pale wafanyabiashara wakahamia soko la Sido, na Sido nayo ikaungua 2011, kisha tena 2017. Watu wanaichanganya sana mioto hii. Mleta uzi, walihama kabla ya 2006 au baada?

#4 BintiIlemi
Mama anasema kabla. Kaka yangu anashikilia kwamba ilikuwa baada, anakumbuka Baba Tumaini akirudi nyumbani na mfuko wa vyuma vilivyoungua. Wamebishana jana mpaka chakula kikapoa.

#5 Konda Mstaafu
Mimi siamini habari ya moto. Kulikuwa na fundi aliyekuwa akienda Iyunga kuwatengenezea redio wafanyakazi wa TAZARA. Mmoja wao alipohamishiwa Mpika, Zambia, alimwita akafanye kazi kule, maana pale kuna karakana kubwa ya reli na watu wana mshahara. Kipindi kile watu wa Mbeya kuvuka Tunduma na kwenda kuishi Zambia ilikuwa kawaida kabisa. Wazee wetu wa Rungwe na Kyela walikwenda hadi migodi ya Kopabeti kule Zambia na ya Afrika Kusini, kupitia Wenela, waliokuwa wakiandikisha wachimbaji, wengine hawakurudi.

#6 Kalamu ya Bluu
Kabla hamjaendelea: mleta uzi, usiandike hapa upande wa kiwanja, ukubwa wake, wala jina la mtaa. Matapeli wa viwanja nao wanasoma. Kesho utapokea simu za "mimi ni mdogo wake Tumaini" kutoka kila kona, na kila mmoja atakuwa anajua habari ya mparachichi.

Kaa na mama, chagueni mambo mawili au matatu ambayo mtu wa nyumba ile lazima ayajue, na msiyaseme kwa yeyote. Kovu la mtoto, jina la mbwa, kilichotokea siku fulani. Anayekuja mnamuuliza yeye. Msimpe jibu mkamwomba athibitishe.

Halafu tuambie kuhusu karatasi ya huyo kijana. Ina tarehe gani? Muhuri unasomekaje?

#7 BintiIlemi
Asante sana, tumeshachagua na mama. Kuhusu karatasi: kaka aliipiga picha. Imeandikwa kwa mkono, tarehe ya mwaka 2001. Jina la muuzaji ni jina tusilolijua, lakini kama nilivyosema, hatukuyajua majina yao. Muhuri ni wa ofisi ya mtaa, chini umeandikwa Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Kuna na namba ya simu ya shahidi, inaanza na 0754.

#8 Msafwa Asilia
Hapo simama. Mbeya imekuwa jiji mwaka 2005. 2001 tulikuwa manispaa. Muhuri wa jiji ulitoka wapi 2001?

#9 FundiSpika
Na hiyo namba! 2001 hakukuwa na 0754. Mtandao ule ulikuwa unaanza na 0744. Mabadiliko yalikuja katikati ya miaka ya 2000: 0744 ikawa 0754, 0748 ikawa 0784, 0741 ikawa 0713. Mimi nilikuwa nauza vocha, ilibidi nifute namba zote kwenye bango na kuziandika upya.

#10 Ndizi za Kayuki
Jamani! Kesi imeisha kabla haijafika barazani. Polisi waje kuchukua mafunzo kwenye huu uzi 😂

#11 Kalamu ya Bluu
Haijaisha, Ndizi. Muhuri unaweza kugongwa baadaye, mtu akipeleka karatasi ya zamani mtaani ithibitishwe. Namba ya simu nayo inaweza kuongezwa baadaye. Nimeona karatasi halali kabisa zenye vitu vya namna hiyo. Swali ni kama namba imeandikwa kwa kalamu ileile na mkono uleule.

#12 BintiIlemi
Wino ni uleule, na iko mstari mmoja na sahihi ya shahidi. Lakini kubwa kuliko hilo: 2001 walikuwa bado wanaishi pale. Mimi na Tumaini tulikuwa darasa moja mwaka ule, na baba yake alikuwa anaongeza chumba. Mtu anauza kiwanja huku anaongeza chumba?

#13 Jembe la Mbozi
Kwani mama yako ameshalima hapo miaka mingapi? Sheria inasema miaka 12. Ikipita, ardhi ni ya anayeitumia. Mpime kwa jina la mama, mambo yaishe, huyo kijana aende zake.

#14 Kalamu ya Bluu
@Jembe, miaka 12 ni muda wa mwenye ardhi kufungua shauri dhidi ya mtu aliyemnyang'anya au kuingia bila ruhusa. Mama aliingia kwa ruhusa ya mwenyewe. Mwangalizi hageuki mmiliki kwa sababu miaka imekuwa mingi. Na tusimshauri mama wa watu afanye kile anachokikataa kwa kijana.

Mleta uzi, pelekeni pingamizi la maandishi kwa mtendaji wa mtaa na kwa kamati ya urasimishaji, mbakize nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Baraza la Kata siku hizi ni la usuluhishi tu, tangu marekebisho ya 2021 halitoi hukumu. Mgogoro ukiendelea ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

#15 BintiIlemi
Jembe, nashukuru kwa nia, lakini mama hataki hata kulisikia hilo. Anasema kiwanja aliachiwa akiangalie, hakupewa.

#16 Mpunga wa Ubaruku
Nami nichangie. Huku Mbarali tuliishi na wafugaji wa Kisukuma miaka mingi. Wakati wa kuhamisha mifugo kutoka Usangu, 2006 kuelekea 2007, wengi walisukumwa kwenda Lindi na Pwani. Jirani yetu mmoja alikuwa amemkopesha baba yangu fahali wa kulimia, na siku ya kuondoka hakukuwa na nafasi ya hesabu. Baba alikaa na deni lile moyoni kama mwiba.

Tulimpata kupitia minada. Baba aliikumbuka chapa ya ng'ombe wao, akaichora kwenye karatasi, akampa dereva wa lori la mifugo. Karatasi ikawa inapita mkono kwa mkono mpaka ikafika Kilwa kwa mtu anayeijua ile chapa. Mzee wa ng'ombe alikuwa ameshafariki. Deni tumewalipa watoto wake.

Nachotaka kusema, usitafute jina. Tafuta kazi ya mtu. Mafundi wanafahamiana. Nani alimfundisha kazi? Vipuri alinunua kwa nani?

#17 Mzee wa Kabwe
Umenena vizuri sana. Vipuri vya redio walikuwa wananunua duka moja kule Sokomatola. Mwenye duka ni mzee sana sasa, ila yupo. Kesho nikishuka mjini nampitia.

#18 Kamwene wa Ifunda
Kamwene wadau. Mleta uzi, walikuwa kabila gani? Siulizi kwa ubaya. Kama walikuwa Wakinga, Mbeya kuna vikundi vyao vya kuzikana, na msiba ukitokea taarifa inakwenda mpaka Makete na kurudi. Mtu anaweza kupotea kwenye biashara, kwenye misiba hapotei. Katibu wa kikundi ana daftari la michango la miaka yote.

#19 BintiIlemi
Mama anasema Baba Tumaini alikuwa akiongea Kikinga na wateja. Kaka anasema hapana, ilikuwa Kibena, na kwamba likizo walikuwa wanapanda basi la Njombe.

#20 Kamwene wa Ifunda
Basi la Njombe halithibitishi Ubena. Wa Makete nao wanapita Njombe.

#21 Ndizi za Kayuki
Watu wa Iringa mkianza habari za nani ni Mbena na nani ni Mkinga uzi unahamia kwenu. Muacheni dada kwanza.

#22 Kamwene wa Ifunda
Njombe ni mkoa wake tangu 2012, ndugu yangu. Iringa usitubebeshe 😀

#23 Mama Nane Nane
Nimesoma wote, hakuna aliyeuliza walisali wapi. Binti, walikuwa dhehebu gani?

#24 BintiIlemi
Wakatoliki. Hilo mama na kaka wamekubaliana! Mama ni Mmoravian, lakini alikwenda kwenye ubatizo wa mtoto wao wa mwisho, na alishona gauni la Tumaini la komunyo ya kwanza.

#25 Mama Nane Nane
Basi sikiliza vizuri. Nendeni parokia alikobatiziwa huyo mtoto wa mwisho. Kitabu cha ubatizo kina jina la mtoto, la baba, la mama na la msimamizi, yale kamili, na tarehe. Mkiwa na mwaka kwa makadirio na jina la mtoto, katibu anafungua kurasa. Hapo mtapata jina la kulinganisha na lile la kwenye karatasi ya kijana.

Kuna na jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Mkatoliki akifunga ndoa popote, hata Bukoba, parokia iliyofungisha inatuma taarifa kule alikobatizwa, inaandikwa pembeni ya jina lake. Kama Tumaini naye alibatizwa hapo Mbeya na amefunga ndoa kanisani, pembeni ya jina lake patakuwa na parokia na tarehe. Mimi nilimpata mdogo wangu hivyo, miaka baada ya kugombana na baba na kuondoka. Katibu aliweka kidole pembeni ya ukurasa, nikasoma: Sumbawanga. Nilikaa chini palepale ofisini.

Ila vitabu vile si vya kila mtu kusoma. Nendeni na mama, awaeleze mwenyewe, na muwe na barua ya mtaa. Paroko anaweza kukataa kuwapa anwani akakubali kupeleka ujumbe. Kubalini hata hilo.

#26 Msafwa Asilia
Hii nimejifunza leo. Shule nayo msiisahau. Mtoto akihama anaondoka na barua ya uhamisho, yenye jina la shule anayokwenda. Wavulana wale wawili kama walikuwa bado msingi, ofisi ya mwalimu mkuu inaweza kuwa na nakala au daftari la uandikishaji.

#27 Kidole Tupu
Mnazunguka sana. Tafuteni mtu wa ndani kwenye mtandao wa simu au kule vitambulisho vya taifa, mmpe hela ya soda, mambo kwisha.

#28 Kalamu ya Bluu
Hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Unamwingiza mleta uzi na huyo "mtu wa ndani" kwenye kosa, wakati yeye ndiye mwenye haki hapa. Na msifikirie sensa pia, majibu ya kaya ni siri kisheria.

#29 FundiSpika
Kuna njia halali. Mama hana daftari la zamani la simu? Kama kuna namba ya 2003 au 2004, badilisha mwanzo wake kama nilivyoandika #9, kisha jaribu kama unayetuma hela. Kabla hujathibitisha, jina la mwenye laini linatokea. Ukiona jina geni kabisa usishangae, laini nyingi zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilifungwa kuanzia Januari 2020, na namba zikauzwa upya.

#30 BintiIlemi
Nimepekua daftari la marehemu baba. Kuna "Fundi redio" na namba ya 0744. Nimebadilisha, nimejaribu. Jina limetokea, la kike, silijui. Nimepiga, kapokea dada mmoja wa Geita, mpole sana, amesema laini aliinunua mwaka juzi.

#31 Mgeni wa Makongolosi
Huku Makongolosi kuna mzee anatengeneza redio na chaja za simu za wachimbaji. Watu wanamwita Mwanjelwa, maana alitokea huko. Wachunya tunasema waliokuja na dhahabu wanabaki na dhahabu. Ana vijana wawili wakubwa, wanaendesha kalasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Binti sijawahi kumsikia.

#32 Konda Mstaafu
Wachimbaji wanaita kila mtu kwa jina la alikotoka. Ukienda pale utawakuta akina Tunduma, Kyela na Mwanza. Mimi bado nashikilia kwamba alikwenda Mpika.

#33 Mzee wa Kabwe
Mrejesho kutoka Sokomatola. Mzee wa vipuri anamkumbuka Baba Tumaini wa Ilemi. Anasema baada ya soko kuungua wenye redio zao walimfuata. Redio za kibanda kizima ziliungua mle na kila mtu anataka yake au fedha. Wengine walikwenda mpaka nyumbani. Alilipa baadhi, akashindwa. Mzee anaamini aliondoka kwa ajili hiyo, na kwamba alimwambia anakwenda Makambako kwa shemeji yake.

#34 Mtulivu Iganzo
Hili ndilo nililokuwa naliogopa. Tujiulize kama huyu mtu anataka kupatikana. Alihama kwa aibu ya madeni ya moto ambao hakuuwasha. Tukitangaza kila redio na kila kundi la simu kwamba Baba Tumaini anatafutwa, atafikiri ni wadai, atahama tena. Tafuteni kimya kimya, na ujumbe wowote uanze na jina la mama yako na habari ya kiwanja.

#35 Jembe la Mbozi
Au aliuza kiwanja ili alipe madeni, na kijana ana haki yake. Tusimhukumu mtoto wa watu.

#36 BintiIlemi
Jembe, kama aliuza baada ya moto, karatasi isingekuwa ya 2001. Lakini sikatai, mtu mwenye shida anaweza kufanya jambo tusilolijua. Ndiyo maana namtafuta yeye mwenyewe. Akisema "niliuza", mama atasaini siku hiyohiyo na kuhamisha maharage yake.

Mtulivu, ulichoandika nimemsomea mama. Amenyamaza, kisha akasema kumbe ndiyo maana Mama Tumaini alikuja kuaga usiku. Hakuwahi kutuambia kwamba waliaga usiku.

#37 Mama Nane Nane
Masikini. Mwambie mama asijilaumu. Parokia mnakwenda lini?

#38 BintiIlemi
Jumamosi, ofisi inafunguliwa asubuhi. Barua ya mtaa tumepata leo, na pingamizi limepokelewa na kugongwa muhuri. Kamati imesema kiwanja kile kitarukwa kwanza, watapima vingine. Yule kijana alipoambiwa alete shahidi wa kwenye karatasi, amesema yuko safarini.

Makongolosi, naomba usimuulize mzee chochote, ila kama unaweza kujua tu alifika huko mwaka gani niandikie ujumbe binafsi. Mzee wa Kabwe, ndaga fijo.

#39 Kamwene wa Ifunda
Mimi niko Makambako kila Alhamisi kwa ajili ya mbao. Mafundi redio wa pale hawazidi vidole vya mikono, na wote wako karibu na stendi. Nitapita na redio yangu mbovu kweli, niitengeneze, nikae nisikilize. Nisipewe jina wala swali la siri, sitaki kulijua.

#40 Konda Mstaafu
Ukifika Makambako shuka na stesheni pia, waulize wa reli kama kuna fundi alipita kwenda Mpika.

#41 Jembe la Mbozi
Konda na Mpika yako! Ila na mimi nina swali, nisamehewe kuingiza langu. Kuna anayewafahamu watu waliokuwa wanalima kahawa Mlowo wakahamia Mpanda miaka ya 90? Shangazi yangu aliondoka nao. Alikuwa Mmoravian, sijui kama wao nao wanaandika pembeni.

#42 Mama Nane Nane
Jembe, Wamoravian mtu akihama anapewa barua ya kumtambulisha ushirika anaokwenda. Anza na mchungaji wa Mlowo, kisha ufungue uzi wako, tutakuja.